Kuifikia Seva ya Video Iliyoko Nyumbani Moshi Ukiwa Arusha, Bila Kuacha Mlango Wazi

Nyumbani kwetu Moshi, kwenye kona ya sebule, ipo kompyuta ya mezani iliyokuwa ya ofisi ambayo sasa inatunza kumbukumbu za familia: harusi za miaka ya 1990 zilizohamishwa kutoka kanda za VHS, ibada za mazishi, mazoezi ya kwaya, na saa kadhaa za babu akieleza mipaka ya kihamba na majina ya waliolilima shamba hilo la ukoo kabla yake. Kompyuta hiyo, ambayo humu naiita seva, inaendesha Jellyfin, programu huria ya kutazamia video zilizotunzwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, iliyojitenga na programu nyingine ya aina hiyo, Emby, mwezi Desemba 2018, na ndani ya nyumba kila mwenye simu au runinga anaitazama bila shida. Mimi ninafanya kazi Arusha, umbali wa kilomita zipatazo 80, na dada yangu anaishi Njiro, hukuhuku Arusha, na watoto ambao hawakumkuta babu yao akiwa hai. Tulihitaji kuzitazama video hizo tukiwa mbali, na mwongozo huu unaeleza namna tulivyofanikiwa baada ya mimi kwanza kufanya kosa ambalo sipendi mwingine alirudie.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Niliingia kwenye rauta nikaelekeza mlango namba 8096 (mlango ni namba ambayo programu husikilizia mawasiliano ya mtandao), ambao ndio Jellyfin huutumia, moja kwa moja kwenye seva, nikajaribu kwa simu nikiwa Arusha, ikafunguka, nikaona kazi imekwisha. Siku chache baadaye nilipofungua kumbukumbu za seva nilikuta majaribio mengi ya kuingia kwa majina ambayo hakuna mtu wa kwetu anayeyatumia, yakitoka kwenye anwani nisizozijua. Hakuna aliyefanikiwa, lakini nilielewa kwamba video za misiba yetu zilikuwa zimetenganishwa na dunia nzima kwa nenosiri moja tu.

Ni vema kuelewa kwa nini hali hiyo hutokea haraka namna hiyo. Anwani za IP za toleo la nne hazizidi bilioni 4.3, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao ya ZMap kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kuzigonga zote kwa mlango mmoja ndani ya dakika zisizozidi 45. Kwa hiyo kudhani kwamba hakuna atakayeigundua seva ndogo ya Moshi ni kujidanganya. Zaidi ya hayo, mlango 8096 hauna usimbaji fiche, maana yake nenosiri lako husafiri wazi, na mtu aliyekaa katikati ya safari, kwa mfano mwenye Wi-Fi ya hoteli, anaweza kulisoma. Isitoshe, siku dosari mpya itakapogunduliwa ndani ya Jellyfin yenyewe, nenosiri gumu halitakusaidia chochote iwapo dosari hiyo inampitisha mtu kabla hata ya kuulizwa nenosiri.

Msimamo wangu ni kwamba seva ya familia haipaswi kuonekana kabisa kwenye intaneti ya wazi. Kinachopaswa kuonekana, kama ni lazima kionekane kitu, ni mlango mmoja usiomjibu mgeni.

Kwanza ijue intaneti yako

Fungua ukurasa wa mipangilio wa rauta, tafuta anwani ya IP ambayo rauta imepewa na mtoa huduma, kisha ilinganishe na anwani inayoonyeshwa na tovuti yoyote inayokuambia unaonekanaje ukiwa kwenye intaneti. Zikifanana, una anwani ya umma na utaweza kupokea muunganisho kutoka nje. Zikitofautiana, hasa kama ile ya rauta iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, basi uko nyuma ya mfumo wa kugawana anwani unaojulikana kama CGNAT, ambamo wateja wengi wanatumia anwani moja ya umma, na hakuna mpangilio wowote wa rauta yako utakaomwezesha mtu wa nje kukufikia. Rauta zinazotumia laini ya simu mara nyingi huwa katika hali hii. Mwenye faiba anaweza kumwomba mtoa huduma anwani ya umma, kwa kawaida kwa malipo ya ziada. Usianze hatua nyingine kabla ya kupata jibu hili, kwa sababu njia mbili zilizoelezwa hapa chini zinagawanyika hapa.

Pima pia kasi ya kupakia, siyo ile ya kupakua ambayo matangazo huisifu. Dada akiwa Njiro akitazama video, nyumba ya Moshi ndiyo inayotuma, kwa hiyo kasi ya Moshi ya kupakia ndiyo itakayoamua ubora wa picha. Video nzuri ya 1080p yenye megabiti 8 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 3.6 kwa saa, wakati ile ya megabiti 3 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 1.35. Hesabu hiyo inaugusa mfuko wa anayetazama kwa bando, na kama nyumba yenyewe inatumia bando, inaugusa mara mbili.

Kuiandaa seva kabla ya kuitolea njia

Sasisha mfumo endeshi na Jellyfin yenyewe, na uweke utaratibu wa kufanya hivyo mara kwa mara. Tengeneza akaunti ya kila mtazamaji isiyo na mamlaka ya usimamizi, na akaunti ya msimamizi iwe ya kusimamia tu, yenye nenosiri refu lisilotumika mahali pengine. Folda za video zipewe Jellyfin kwa ruhusa ya kusoma peke yake, ili hata mtu akiipenya programu asiweze kufuta harusi ya wazazi wako. Nakala ya pili ya video hizo ikae kwenye diski nyingine iliyotengwa na seva. Kwa familia yetu diski hiyo iko Arusha.

Ndani ya rauta, iwekee seva anwani isiyobadilika. Ukiwa hapo, badilisha pia safu ya anwani za nyumba. Rauta nyingi huja na 192.168.1.0 au 192.168.0.0, na ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi ya mgahawa yenye safu ileile, simu yako itashindwa kujua kama anwani unayoitafuta iko mgahawani au nyumbani. Chagua safu isiyo ya kawaida, kwa mfano 10.37.8.0, na tatizo hilo hutalikuta. Zima kipengele cha UPnP, ambacho huruhusu kifaa chochote ndani ya nyumba kujifungulia mlango kwenye rauta bila kukuuliza.

Kisha kuna suala la umeme, ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa nchi nyingine hailitaji. Umeme ukikatika Moshi saa tano asubuhi na kurudi saa saba, nani ataiwasha seva wakati wote mko kazini? Ingia kwenye mipangilio ya msingi ya kompyuta, ile inayofunguka kabla ya mfumo endeshi kuanza, utafute kipengele kinachoamuru mashine ijiwashe umeme unaporudi, ukiwashe. Weka UPS, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika, inayobeba seva na rauta kwa pamoja, kwa maana seva iliyo hai nyuma ya rauta iliyozimika haimfikii mtu. UPS inalinda pia diski, ambazo huumia zinapokatiwa umeme zikiwa zinaandika.

Njia ya kwanza: WireGuard, kwa mwenye anwani ya umma

WireGuard ni programu ya VPN, yaani njia ya siri iliyosimbwa inayopita juu ya intaneti ya kawaida, iliyoandikwa na Jason Donenfeld, na tangu toleo la 5.6 la Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux. Ninaichagua kwa sababu moja kuu: haijibu kitu chochote ambacho hakikusainiwa kwa ufunguo inaoutambua. Mtu anayegonga mlango wake bila ufunguo hapati hata ishara kwamba mlango upo. Hapo ndipo inapotofautiana kabisa na ukurasa wa Jellyfin, ambao humkaribisha kila mgongaji kwa fomu ya kuingilia.

Kwenye seva yenye Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, ukiwa na mamlaka ya msimamizi mkuu, sakinisha programu na utengeneze jozi ya funguo:

apt install wireguard
cd /etc/wireguard
umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key

Amri ya umask inahakikisha kwamba faili za funguo hazisomwi na mtumiaji mwingine yeyote. Ufunguo wa siri hautoki kwenye kifaa ulikozaliwa. Kinachopelekwa upande wa pili ni ule wa wazi tu. Sasa tengeneza faili ya wg0.conf katika folda hiyohiyo:

[Interface]
Address = 10.88.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_SEVA

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_WAZI_WA_SIMU_YA_DADA
AllowedIPs = 10.88.0.2/32

Kila kifaa kiwe na sehemu yake, ufunguo wake na anwani yake. Kishawishi cha kutengeneza ufunguo mmoja na kuutuma kwa ukoo mzima ni kikubwa, nami nakuomba ukikatae, kwa sababu simu moja ikiibiwa utalazimika kuwafungia wote na kuanza upya. Ukimaliza, iwashe huduma kwa amri hii, ambayo pia inaifanya ijianzishe yenyewe kila seva inapowaka:

systemctl enable --now wg-quick@wg0

Kwenye rauta, elekeza mlango 51820 wa UDP kwa seva, na huo ndio mlango pekee utakaoufungua. Kama anwani yako ya umma hubadilika, tumia huduma ya jina linalofuata anwani, inayojulikana kama DNS badilifu, ambayo rauta nyingi zinaiunga mkono. Kwenye simu, sakinisha programu rasmi ya WireGuard na uipe mpangilio huu:

[Interface]
Address = 10.88.0.2/32
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_SIMU
MTU = 1280

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_WAZI_WA_SEVA
Endpoint = jina-lako-la-dns:51820
AllowedIPs = 10.88.0.1/32
PersistentKeepalive = 25

Mistari miwili inahitaji maelezo. AllowedIPs ikiwa na anwani ya seva peke yake, ni mawasiliano ya Jellyfin tu yatakayopita Moshi, na simu itaendelea kutumia intaneti yake ya kawaida kwa mengine yote, ukiweka 0.0.0.0/0 kama miongozo mingi inavyoelekeza, kila kitu anachofungua dada kitazunguka Moshi kwanza na kuila kasi ileile ndogo ya kupakia. MTU, yaani ukubwa wa juu wa kifurushi cha data, nimeiweka 1280 kwa sababu kwenye laini za simu nilikutana na hali ambapo muunganisho unakubali, ukurasa unaanza kufunguka, kisha unaganda katikati. Vifurushi vilikuwa vikubwa kuliko njia ilivyoweza kubeba, na kuvipunguza kuliponya tatizo.

Baada ya hapo, ukiwasha WireGuard kwenye simu na kuandika http://10.88.0.1:8096 kwenye programu ya Jellyfin, utaikuta familia yako yote.

Njia ya pili: kwa aliye nyuma ya CGNAT

Hapa seva haiwezi kupokea mgeni kutoka nje, kwa hiyo inabidi yenyewe itoke na kukutana na mtazamaji mahali fulani. Kwa familia nyingi napendekeza Tailscale, inayotumia WireGuard chini yake lakini inashughulikia yenyewe kazi ya kubadilishana funguo na kutafuta njia. Unaisakinisha kwenye seva na kwenye simu, unaingia kwa akaunti moja, na vifaa vinaonana kwa anwani zinazoanza na 100. Hakuna mlango wowote unaofunguliwa kwenye rauta. Kwa matumizi binafsi kuna mpango wa bure.

Vifaa viwili vikishindwa kuonana ana kwa ana, mawasiliano hupitia vituo vya kati vya Tailscale, ambavyo kimojawapo kiko Nairobi. Vituo hivyo haviwezi kusoma kinachopita kwa kuwa usimbaji unafanyika kwenye vifaa vyenyewe, ila kasi yake hushuka na video nzito hukwama. Amri ya tailscale status itakuonyesha kama muunganisho ni wa moja kwa moja au unapitia kituo.

Mambo matatu yafanyike siku hiyohiyo ya kusakinisha. Akaunti unayoingilia Tailscale sasa ndiyo ufunguo wa nyumba, kwa hiyo iwekee uthibitishaji wa hatua mbili. Ufunguo wa kila kifaa huisha muda baada ya siku 180 kwa mpangilio wa kawaida. Uzime ukomo huo kwa seva peke yake, la sivyo siku moja itatoweka na hakutakuwa na mtu nyumbani wa kuiingiza tena. Na ndugu wa nje ya kaya washirikishwe seva tu kwa kipengele cha kushirikisha kifaa, wasiingizwe kwenye mtandao wako wote.

Asiyependa kutegemea kampuni anaweza kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, akaweka WireGuard pale, na seva ya Moshi pamoja na simu za Arusha zote zikaungana nayo. Ni njia nzuri, lakini ujue kwamba katika mpangilio huo usimbaji unafunguliwa na kufungwa tena kwenye seva ya kukodi, hivyo mwenye mitambo hiyo kinadharia anaweza kuona kinachopita. Tena, kama seva yako ya nyumbani ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ya toleo la 4 au la nyuma yake, haina betri ya saa, na umeme ukirudi huamka na wakati wa zamani. WireGuard hukataa salamu, yaani ujumbe wa kuanzisha muunganisho, yenye muda ulio nyuma ya ile iliyopita, na muunganisho hautasimama mpaka saa irekebishwe kupitia intaneti. Nimeona watu wakisaka hitilafu kwenye funguo kumbe shida ni saa.

Ukuta wa moto na mpangilio wa Jellyfin

Hata ndani ya njia iliyofichwa, mpe kila mtu kile tu anachokihitaji. Kwa ufw, programu ya ukuta wa moto inayochuja mawasiliano yanayoingia kwenye seva, ukiwa na safu ya nyumba niliyoitaja:

ufw default deny incoming
ufw allow from 10.37.8.0/24
ufw allow 51820/udp
ufw allow in on wg0 to any port 8096 proto tcp
ufw enable

Kwa Tailscale, mstari wa 51820 hauhitajiki na wg0 inakuwa tailscale0. Kama unaendesha Jellyfin ndani ya Docker, mfumo wa kuendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa, jihadhari: Docker huandika kanuni zake yenyewe na milango inayoitangaza hupita bila kuijali ufw, kwa hiyo funga tangazo la mlango kwenye anwani mahususi badala ya kuliacha kwenye anwani zote.

Ndani ya Jellyfin, kwenye ukurasa wa mtandao, kuna sehemu ya kuorodhesha mitandao ya nyumbani. Ikiachwa tupu, anwani zote za faragha huhesabiwa kuwa za nyumbani, zikiwemo 10.88.0.x za WireGuard, na kikomo cha kasi ulichoweka kwa watazamaji wa mbali hakitafanya kazi kwao. Andika 10.37.8.0/24 peke yake, ruhusu miunganisho ya mbali, kisha weka kikomo cha kasi kilicho chini ya kasi yako ya kupakia ukiigawa kwa idadi ya watu wanaoweza kutazama kwa wakati mmoja. Kompyuta italazimika kuigeuza video iwe nyepesi wakati huohuo inapotazamwa, kazi inayoelemea mashine za zamani. Ikishindwa, andaa mapema nakala nyepesi za video zinazopendwa.

Runinga ya upande wa pili huleta swali lake. Zile zenye Android TV zinapokea WireGuard na Tailscale, ilhali nyingine nyingi hazipokei. Kwa hizo, nunua kisanduku cha Android TV badala ya kufungua seva kwa dunia. Asiyekuwa na namna nyingine anaweza kuweka mbele ya Jellyfin programu ya Caddy, ambayo huchukua vyeti vya HTTPS yenyewe, pamoja na fail2ban ya kuwafungia wanaobahatisha nenosiri, ila aelewe kwamba ukurasa wa kuingilia utakuwa umeonekana tena kwa kila mtu.

Sheria

Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo kwa umma likiwataka watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa, zikiwemo anwani za IP, ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Matumizi yanayoelezwa hapa ni ya kurudi nyumbani kwako mwenyewe, wala hayafungui maudhui yaliyokatazwa, lakini teknolojia ni ileile. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Waulize utaratibu wa sasa kabla ya kuanza.

Kujaribu, na siku simu itakapopotea

Zima Wi-Fi ya simu na utumie data, ukiwa bado nyumbani, ili ukikosea uweze kurekebisha bila kupanda basi. Kwenye seva, amri ya wg show itakuonyesha salamu ya mwisho ya kila kifaa; kama haipo, tatizo ni anwani, mlango au ufunguo, na kama ipo lakini Jellyfin haifunguki, mara nyingi tatizo ni ukuta wa moto. Kisha zima WireGuard na ujaribu kuifungua Jellyfin kwa anwani yako ya umma na mlango 8096. Ikifunguka, rudi kwenye rauta uiondoe kanuni iliyosahaulika. Mwisho chomoa seva ukutani, pamoja na UPS yake, subiri dakika tano, irudishe, na usiiguse tena mpaka uhakikishe kwa simu kwamba kila kitu kimejisimamia chenyewe.

Tunalo daftari lenye jina la kila kifaa, mwenye nacho, anwani yake ya 10.88.0 na herufi nane za kwanza za ufunguo wake wa wazi. Simu ya mpwa wangu ilipopotea kwenye basi, nilisoma mstari wake daftarini, nikaifuta sehemu yake kwenye wg0.conf, nikaanzisha upya huduma kwa systemctl restart wg-quick@wg0, nikaondoa kikao chake kwenye ukurasa wa vifaa wa Jellyfin, na nikabadilisha nenosiri lake. Wengine wote waliendelea kutazama.